Umeme wa Garimoshi Dogo: Jinsi ya Kuanza

Wengi wenu mmekwisha kuliona garimoshi dogo la Chama cha Fizikia likizunguka juu ya ubao. Kila alionaye huuliza swali lile lile: "Linaendaje, nalo halina betri ndani?" Nimekubali kulijibu kwa maandishi kwa sababu moja kubwa. Sanduku la reli hizi lilikaa stoo miaka mingi bila kuguswa, kwa kuwa wale waliojua kulitumia walimaliza masomo wakaondoka na maarifa yao vichwani. Sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani wetu mwezi wa Novemba, kisha tutakwenda zetu. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Basi haya na yawe daftari.

Magari haya asili yake ni Ulaya. Huko Ujerumani kampuni ya Märklin, na huko Liverpool, Uingereza, kampuni ya Frank Hornby, ziliyatengeneza tangu zamani. Yale ya Hornby ya mwaka 1920 yalikwenda kwa kukazwa springi kama saa. Mwaka 1938 zikatoka treni za Hornby Dublo, ndogo zaidi, za kwenda kwa umeme. Reli zetu ni za kipimo hicho kidogo: toka reli hata reli ni milimita 16.5.

Kwanza kabisa nitasema juu ya hatari. Umeme utokao katika plagi ya ukutani ni wa volti 230, nao huua. Treni hizi hutaka volti 12 tu. Kati ya ukuta na reli lazima pawe na transfoma iliyotengenezwa kiwandani, iliyofungwa ndani ya kasha lake. Mtu yeyote asithubutu kuunga waya wa reli na plagi, wala kulifungua kasha lile. Akitumia betri ya pikipiki badala yake, na atie fyuzi ya ampea 1 karibu na betri. Maana betri ya namna hiyo ikipigwa shoti hutoa mkondo mkubwa sana, waya zikawaka moto. Baada ya kusema hayo, wazazi msiwe na hofu: volti 12 za kwenye reli hazimdhuru anayezigusa kwa kidole.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Umeme hutoka katika kidhibiti, ukapita reli moja, ukapanda gurudumu, ukaingia katika mota ya injini, kisha ukashukia gurudumu la upande wa pili na kurudi kwa reli ya pili. Reli mbili, basi, ni kama waya mbili. Ndiyo maana magurudumu ya kulia na ya kushoto yametengwa kwa kihami. Yasingetengwa, umeme ungepita katika ekseli bila kufika kwenye mota. Mkondo unaotumika ni mkondo mnyoofu. Ukiongeza volti, treni yaenda mbio. Ukizipunguza, yaenda polepole. Ukibadilishana chanya na hasi, treni yarudi nyuma. Kidhibiti chafanya mambo hayo mawili tu.

Mtu anayeanza huunga waya mbili mahali pamoja, akashangaa kuona treni ikichoka upande wa mbali. Sababu ni kwamba vipande vya reli vimeungwa kwa vibati vidogo, navyo hulegea na kushika kutu, hata umeme ukapita kwa shida. Dawa yake ni hii. Pitisha chini ya ubao waya mbili nene, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Waya wa taa za nyumba wa milimita 1.5 za mraba wafaa sana. Kisha kila baada ya vipande viwili au vitatu, lehemu waya mwembamba toka kila reli, uupitishe katika tundu la ubao, uuunge na ule mnene. Reli ya ndani iwe nyekundu daima, na ya nje nyeusi. Ukichanganya rangi hata mahali pamoja tu, utapata shoti, na kuitafuta kwake ni kazi ya siku nzima.

Pili, gawa njia yako mafungu. Katika njia ya pembeni, ondoa kibati cha reli moja utie kiungo cha plastiki, kisha ulishe fungu lile kwa waya wenye swichi yake. Ukizima swichi, injini iliyomo husimama, na nyingine huendelea na safari. Reli za kweli nazo hugawanywa mafungu, ingawa kwa kusudi jingine. Mwaka 1872 William Robinson wa Marekani alibuni njia ya kupitisha mkondo mdogo katika reli, ili magurudumu ya treni yakiuunganisha toka reli moja hata ya pili, ishara ya hatari itokee na treni ya nyuma isimame.

Tatu, jihadhari na kitanzi, yaani njia inayozunguka na kurudi pale pale ilipotokea. Fuata reli nyekundu kwa kidole: utakuta mwishowe imekutana na nyeusi! Hapo sharti ukate reli zote mbili kwa viungo vya plastiki katika ncha zote mbili za kitanzi, na fungu hilo liwe refu kuliko treni yako. Lilishe kwa swichi ya kugeuzia chanya na hasi. Treni ikiisha kuingia yote, isimamishe. Kisha geuza mwelekeo kwenye kidhibiti, na swichi ya kitanzi pia. Umeme wa kitanzi utabaki kama ulivyokuwa, ila wa njia kuu utakuwa umegeuka, nayo treni itatoka salama.

Tangu miaka ya 1990 umeenea mfumo mwingine, uliotokana na kazi ya Bernd Lenz wa Ujerumani. Katika mfumo huo reli hupewa umeme wote wakati wote, na amri hutumwa ndani ya umeme huo huo. Kila injini ina kifaa chenye namba yake, nayo hutii amri za namba yake peke yake. Injini mpya kwa kawaida huja na namba 3. Hivyo injini mbili huweza kwenda mwendo mbalimbali katika reli moja. Mfumo huo una gharama, nasi hatunao, lakini waya nene za chini ya ubao wetu zitaufaa siku utakapopatikana.

Treni ikigoma, usiivunje. Safisha reli na magurudumu kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kwa maana vumbi ndilo adui wa kwanza. Kisha shika taa ndogo ya volti 12, uguse reli mbili, fungu kwa fungu. Pale taa isipowaka ndipo penye kasoro.

Wazazi waliopanda treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, walisafiri kwa kanuni hii hii: umeme wa volti 25,000 huja kwa waya wa juu na kurudi kwa reli. Huenda mmoja wa kidato cha pili asomaye haya ataitengeneza siku moja. Ufunguo wa chumba uko kwa mwalimu wa fizikia, na mchoro wa waya zote nimeubandika chini ya ubao. Anayetaka kujifunza na aje kila Jumamosi baada ya usafi, kabla Novemba haijafika.