Njia za miguu kwanza, viwanja baadaye: tuitazame Kiabakari

Hivi umewahi kujiuliza nani alichora njia za mkato unazopita kila siku? Zile zinazokatiza uwanja wa mpira, zikapita nyuma ya nyumba za watu na kutokea sokoni? Hakuna mhandisi aliyezichora. Mtu mmoja alipita, mwingine akafuata, majani yakalala, udongo ukashikana, basi njia ikazaliwa. Kwa mtaalamu wa mipango miji, njia hiyo ni takwimu iliyoandikwa ardhini: inaonyesha watu wanatoka wapi, wanakwenda wapi, na wapi hawataki kuzunguka.

Sasa tuichukue Kiabakari, wilayani Butiama, mkoani Mara. Unaijua kwa mgodi wake wa zamani wa dhahabu, au kwa kituo cha hija cha Huruma ya Mungu. Iko kando ya barabara kuu inayotoka Mwanza, ikapita Bunda kuelekea Musoma na Sirari. Kama miji yetu mingi, inakua kwa kuifuata lami. Hoja ya makala hii ni moja: mji kama huu uchore kwanza njia za miguu na baiskeli, viwanja vifuate. Ukianza na viwanja, anayelipa gharama ni yule anayetembea.

Hesabu ndogo ya duara

Mtu mzima hutembea kama kilomita 5 kwa saa. Kwa dakika 15 atafika kilomita 1.25. Chora duara lenye nusu kipenyo hicho: ndani yake kuna karibu kilomita za mraba 5. Hapo ndipo penye shule, zahanati na soko anavyoweza kuvifikia bila nauli.

Mpe baiskeli, hata ile ya kawaida yenye keria. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, dakika zile zile zinamfikisha kilomita 3.75, na duara linakuwa na kilomita za mraba 44 hivi. Kasi imeongezeka mara tatu, eneo limeongezeka mara tisa!

Lakini duara hilo linafikika lote pale tu njia zinaponyooka. Tuseme viwanja na kuta vinakulazimisha kuzunguka, safari ya kilomita 1 inakuwa kilomita 1.4. Inaonekana ndogo, si ndiyo? Kumbe eneo unalolifikia kwa dakika zile zile limepungua kwa nusu. Nusu ya maduka na nusu ya wateja, vyote vimepotea kwa kona mbili tatu.

Bikoni zikishachimbiwa

Kinjia hakina hati. Wapimaji wakija na kuchimbia bikoni, kama hakimo kwenye mchoro, ni vigumu kukitetea. Mwenye kiwanja anaweza kujenga ukuta juu yake. Baadaye wananchi wakidai njia, itabidi mtu alipwe fidia, avunje ukuta, au kesi iende baraza la ardhi. Kukiacha kinjia chenye upana wa mita 2 au 3 wakati mchoro bado uko kwenye karatasi hakuhitaji kubomoa chochote.

Lami inapokata njia

Tatizo la pili ni kuvuka. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi, huhitaji kama mita 28 kusimama: 14 zinapita dereva akiwa bado hajakanyaga breki, 14 nyingine gari linapunguza mwendo. Hiyo ni kwenye lami kavu na breki nzima. Likiwa kwenye 80, zinahitajika karibu mita 57. Likiwa kwenye 30, ni mita 13 tu. Kwa mtoto aliyetokea ghafla nyuma ya basi lililosimama kituoni, tofauti hiyo ndiyo uhai wake. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Kwa hiyo usiweke alama za pundamilia mahali panapopendeza kwenye ramani. Ziweke pale kinjia kinapokutana na lami, maana hapo ndipo watu watavuka hata usipopaweka. Ongeza matuta, na zege juu ya mtaro ili mama mwenye ndoo kichwani asilazimike kuruka.

Imewahi kufanyika?

Ndiyo, hapa hapa Tanzania. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend lilichunguza njia za wanafunzi kuzunguka shule za msingi, kisha likaweka vitu vya kawaida kabisa: njia za waenda kwa miguu, nguzo fupi za kuzuia magari, matuta, vivuko, hata kuhamisha mageti ya shule. Tathmini ilionyesha kiwango cha watoto kuumia kilipungua kwa asilimia 26 hivi. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya miji ya WRI Ross Center.

Tuanzie wapi?

Nafasi ipo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Wengi tunaijua kwa alama za X kwenye nyumba. Lakini ndani ya upana huo njia ya baiskeli inaenea vizuri, TANROADS wakikubali. Barabara za ndani ziko chini ya TARURA, kwa hiyo wote wawili wakae meza moja na halmashauri, la sivyo njia itaishia pale mamlaka ya mmoja inapoishia.

Na wewe una kazi. Fungua picha ya setilaiti ya mtaa wako: vinjia vinaonekana kama nyuzi za rangi ya udongo. Vichore, hesabu wanaopita asubuhi na jioni, kisha upeleke mchoro wako kwenye mkutano wa kijiji kabla wapimaji hawajafika. Siku wakija na bikoni zao, wakute njia tayari iko kwenye karatasi.