Dubu Ndani ya Dubwana

Msomaji wangu wa Tukuyu ameniandikia, na barua yake ina makali. Anasema watafiti walipofika Rungwe wakaambiwa na Wanyakyusa kwamba msituni kuna kipunji, walidhani ni kiumbe wa hadithi za jioni. Leo kima huyo yumo vitabuni. "Sasa mbona mnawacheka Wamarekani wanaosema kwao kuna mtu-nyani?"

Hoja ina mashiko. Tena wapenzi wa mtu-nyani huyo wanaipenda kuliko zote, ila mfano wao mkuu ni okapi. Chama cha kimataifa cha watafuta viumbe wasiothibitishwa, kilichoanzishwa mwaka 1982, kilimfanya okapi wa Ituri kuwa nembo yake: mnyama ambaye wenyeji wa Kongo walimjua tangu enzi za mababu, lakini sayansi ya Ulaya ikampa jina mwaka 1901 tu. Kwa hiyo, wanatuambia, subirini.

Subira ya kipunji haikuwa ndefu. Watafiti walisikia habari zake mwaka 2003, na Desemba mwaka huohuo wakamwona waziwazi. Mwaka 2005 akatangazwa katika jarida la Science. Kisha dume mmoja mchanga akakutwa amekufa katika mtego wa mkulima, shambani kwenye mahindi, na mwili ule ndio uliowawezesha wataalamu kumpa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, mwaka 2006. Kutoka uvumi hadi jenasi ni miaka mitatu. Huyo wa Marekani anatafutwa kwa kishindo tangu 1958, na hajaanguka shambani kwa mtu.

Kabla sijaendelea, jina. Wenyewe humwita Bigfoot, au Sasquatch, neno lililotoholewa kutoka Kihalkomelem, lugha ya wenyeji wa asili wa British Columbia. Nimehangaika na hilo la kwanza wiki nzima. "Mguu Mkubwa" linanipeleka moja kwa moja kwenye ugonjwa wa matende. "Nyayo Kubwa" lina utamu wake, maana kwetu unyayo ni kile kinachokanyaga na pia alama inayobaki chini, na huyu bwana ni alama tupu. Lakini Wakenya wataniuliza kama nazungumzia uwanja wa mpira. "Jitu" limechoshwa na ngano. Nimeishia kwenye dubwana, neno letu la siku nyingi kwa kitu kikubwa cha kutisha kisicho na umbo la kueleweka. Nalipenda kwa sababu mbili. Kwanza, sikio langu linasikia dubu ndani yake, na utaona punde kwa nini hilo linanifurahisha. Pili, linaniruhusu kutumia ngeli ya LI-YA. Siku litakapoleta mwili wake, nitalipandisha kwa heshima zote hadi A-WA.

Historia yenyewe nitaipita mbio. Agosti 1958, Bluff Creek, kaskazini mwa California, dereva wa tingatinga Jerry Crew alikuta nyayo za sentimita 40 zikizunguka mtambo wake. Akazimiminia plasta, akatokea na nakala yake katika gazeti la Humboldt Times, na jina likaenea. Mkandarasi wa kazi ile aliitwa Ray Wallace. Alipofariki mwaka 2002, familia yake ikatoa miguu ya mbao iliyochongwa na kusema utani ulikuwa wa marehemu. Filamu ya dubwana ya Patterson na Gimlin ya 20 Oktoba 1967, isiyozidi dakika moja, naiacha. Imebishaniwa hadi imechakaa. Nywele nazo zimepimwa. FBI walipelekewa kishungi mwaka 1976, jibu likawa kulungu. Mwaka 2014 Bryan Sykes wa Oxford na wenzake walichapisha vipimo vya vinasaba vya nywele kutoka pande mbalimbali za dunia. Wakapata dubu, farasi, ng'ombe, mbwa mwitu na binadamu.

Haya yote hayakulizuia dubwana kustawi. Kaunti ya Skamania, jimbo la Washington, ilitunga sheria mwaka 1969 kwamba atakayeliua anaweza kutozwa faini ya hadi dola 10,000, kufungwa hadi miaka mitano, au vyote viwili. Hollywood ikalitia nyumbani kwa familia ya mjini katika Harry and the Hendersons mwaka 1987. Kipindi cha Finding Bigfoot kiliendelea kuanzia 2011 hadi 2018, na jina lake lilikuwa na haki ya nusu tu: kutafuta walitafuta.

Sasa nije kwenye kitu kinachoninyima usingizi, nacho ni jinsi dubu anavyotembea.

Mbwa na paka hukanyagia vidole. Dubu hukanyaga kwa unyayo mzima, kisigino hadi vidole, kama wewe, na kila mguu wake una vidole vitano. Unyayo wa nyuma ni mrefu. Wa mbele ni mfupi na mpana. Akitembea taratibu, mguu wa nyuma hutua pale ulipokuwa wa mbele wa upande huohuo. Mara nyingine hupita kidogo, mara nyingine hupungukiwa kidogo. Ukipungukiwa, vidole vya nyuma huangukia kisigino cha mbele na kukifuta, na alama mbili huwa moja: ncha ni vidole vya mbele, mwisho ni kisigino cha nyuma. Dubu mweusi wa Marekani, ambaye unyayo wake wa nyuma una takriban sentimita 18, anaweza kuacha hivyo mguu unaokaribia sentimita 30. Na kwa kuwa miguu minne imegonga mahali pawili pawili, safu inayobaki ni ya kiumbe wa miguu miwili. Mnyama amepita na miguu yake yote, ushahidi ukabeba nusu!

Fikiria barua ya utambulisho. Mwenyekiti wa mtaa amegonga mhuri wake wa duara harakaharaka, maana foleni ni ndefu. Unafika kwa mtendaji wa kata, karatasi haina tena nafasi, naye anagonga wake juu ya ule, umepishana upana wa kidole. Ukirudi, mvua inakunyeshea. Dirishani mhudumu anaigeuza na kuigeuza, anachukua herufi tatu za huyu na nne za yule, anasoma jina la kata isiyokuwepo Tanzania nzima. Hajadanganya. Kila herufi aliyoisoma imo, wino ni halali, mihuri ni halali. Amekosea jambo moja, kudhani mhuri ni mmoja. Akiwa mtu wa kawaida atakurudisha ukaandikiwe barua nyingine. Akiwa mtu wa kupenda mambo, ataanza kuitafuta kata ile kwenye ramani. Ataikosa, na kukosekana kwake kutamthibitishia kwamba inafichwa. Ataunda kundi, atachapisha fulana, na kila mwisho wa wiki watapanda magari kwenda kuitafuta. Huko Marekani theluji ndiyo mvua ya barua: jua likiipiga, kingo za alama hutanuka, vidole huvimba.

Mwaka 2024 Floe Foxon alichapisha hesabu katika Journal of Zoology akilinganisha idadi ya dubu weusi na taarifa za watu walioliona dubwana, jimbo kwa jimbo, Marekani na Kanada. Palipo na dubu wengi, mashuhuda nao ni wengi: kila ongezeko la dubu 1,000 lilikwenda na ongezeko la taarifa la asilimia 4 hivi, na kwa wastani kuna taarifa moja kwa kila dubu 5,000. Yapo majimbo yasiyojulikana kuwa na dubu weusi wanaozaliana na bado yana mashuhuda. Hayo tuyaweke pembeni.

Isitoshe, kesi hii ya dubu na mtu iliwahi kusikilizwa kwetu, ila kinyumenyume. Mwaka 1976, huko Laetoli, timu ya Mary Leakey ilikuta nyayo tano mfululizo katika majivu ya volkano ya zaidi ya miaka milioni 3.6. Miaka miwili baadaye zikapatikana nyingine jirani, safi kama za jana, zikachukua sifa zote. Zile tano zilionekana za ovyo: fupi, pana, na mguu mmoja unavuka mstari wa katikati na kutua mbele ya mwenzake, kama mwanamitindo jukwaani. Akatokea mtaalamu kupendekeza kwamba ni dubu aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Zikasahaulika.

Juni 2019 mwanaanthropolojia Mtanzania Charles Musiba aliongoza kazi ya kuzifukua upya. Mwenzake, Ellison McNutt, alikwenda New Hampshire kwa dubu wachanga, akawashawishi kwa rojo la matufaha watembee wima kwenye matope. (Hii ndiyo kazi niliyopaswa kusomea.) Kisigino cha dubu kikatoka chembamba, cha Laetoli ni kipana. Dubu akisimama huyumba huku na huku, nyonga na magoti yake hayamruhusu kuvusha mguu. Saa zaidi ya 50 za video za dubu wa porini zilionyesha kwamba hutembea kwa miguu miwili chini ya asilimia 1 ya muda. Tena katika maelfu ya visukuku vya Laetoli hakuna hata kimoja cha dubu. Desemba 2021 jarida la Nature likachapisha uamuzi: mwenye nyayo zile ni wa ukoo wetu.

Kwa hiyo, msomaji wangu wa Tukuyu, sicheki mtu aliyeona alama. Alama zipo. Na kama una ndugu huko Washington au Oregon, mwambie akikuta unyayo mrefu msituni atazame kidole kikubwa kabisa kiko upande gani, akifuata mwelekeo wa safu. Cha binadamu huwa upande wa ndani. Cha dubu huwa upande wa nje, hivyo mguu wake wa kushoto hufanana na wetu wa kulia. Akikikuta nje, arudi kwenye gari polepole. Asikimbie.