Suruali ya mpira na mwanzi wa mjomba

Mjomba wangu huvuka mto Isiukhu peku, suruali ameikunja hadi magotini, mwanzi mkononi. Mwezi Februari, maji yakiwa yametulia na changarawe zinaonekana chini, niliteremka naye hadi pale mto unapopinda chini ya shamba lake la miwa. Mimi nilikuwa nimevaa suruali ya mpira inayofika kifuani, mikanda miwili mabegani kama mtoto wa nasari. Akaniangalia kuanzia buti hadi kidevu.

"Mpwa wangu," akasema, "unaenda kuvua au kuzima moto?"

Nilikuwa naenda kuvua, tena kwa ndoana ya manyoya, ufundi ambao nilikuwa na miezi michache tu tangu nianze kujifunza. Ndoana yenyewe ni ndogo kama punje ya mchele, imezungushiwa uzi na manyoya ya ndege hadi ifanane na mdudu. Haina risasi wala uzito wowote, kwa hiyo haiwezi kurushwa kama ndoana ya kawaida. Kinachorushwa ni kamba nzito ya mshipi: inapeperushwa nyuma, inanyooka hewani, kisha inarudishwa mbele. Nyuma yako unahitaji nafasi ya mita nyingi. Sasa tazama kingo za mito yetu: mipera ya mwituni, matete, mikaratusi, na uzio wa jirani. Ukisimama ukingoni, ndoana ya kwanza inanasa mpera, ya pili inanasa kofia yako. Ndiyo maana mvuvi wa aina hii huingia mtoni. Akiingia mtoni, swali la nguo na miguu haliepukiki.

Mchezo huu uliletwa Kenya na walowezi. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki wakawekwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Mwaka 1948 kikaanzishwa kituo cha kuzalisha trauti Kiganjo, karibu na Nyeri. Trauti hutaka maji baridi ya mlimani, na sisi wa Kakamega tukimtaka tunafunga safari hadi Mlima Elgon au mito ya Kericho. Huku kwetu kuna fwani, samaki wa jamii ya barbus mwenye magamba makubwa na sharubu, anayeishi katika mito ya Nzoia na Yala. Binamu zake wa Afrika Kusini wanavuliwa kwa manyoya kila siku, na sioni kwa nini wetu wadharauliwe.

Tofauti ya samaki ndiyo inayoamua nguo. Kule Elgon maji yanauma mifupa, na suruali ya neoprini, ule mpira mzito wenye viputo vya hewa unaotumiwa na wapiga mbizi, ina maana yake. Ukiivaa Kakamega saa sita mchana utajipika mwenyewe. Nimejaribu, nilitoka nimelowa jasho kuliko ambavyo ningelowa kwa mto. Suruali za plastiki za wafugaji wa samaki, zile zinazovaliwa wakati wa kuvuta nyavu bwawani, ni za bei nafuu na hazichaniki upesi, ila hazipitishi jasho na buti zake zimeshikana na suruali, kwa hiyo mguu unacheza ndani kama mchi kwenye kinu. Kwa nusu saa bwawani hakuna shida. Kwa siku nzima juu ya mawe, kisigino kitachubuka.

Aina ya tatu ni ya kitambaa chepesi chenye tabaka nyembamba inayozuia maji kuingia na kuruhusu mvuke wa jasho kutoka. Inaishia kwenye soksi ya neoprini, na buti za mtoni unazinunua kando. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye uwezo. Kabla ya kulipa, ivae ukiwa na soksi nzito, chuchumaa mpaka chini, kisha panda juu ya kiti. Ikikubana mapajani, mishono itaanza kuachia msimu huu huu. Buti nazo zipimwe juu ya ile soksi ya neoprini. Mara nyingi utahitaji saizi moja zaidi ya viatu vyako vya kanisani.

Na asiye na uwezo? Wavuvi wengi wazoefu katika maji ya vuguvugu huingia na kaptula na viatu vya zamani vilivyofungwa sawasawa. Si aibu. Pingamizi langu moja ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji yanayokwenda polepole na kupenya ngozi bila wewe kuhisi kitu. Katika sehemu zenye maji yaliyotuama na majani mengi, hasa kuelekea ziwani, mguu mtupu ni bahati nasibu. Huko chini Budalang'i kuna pia viboko na mamba, na hao hawajali umevaa nini.

Yangu niliipata mtumba, kwa muuzaji aliyeniapia kwamba haivuji. Nilipofika nyumbani niliitundika kwenye kamba ya nguo nikaijaza maji kwa jagi, watoto wa mtaa wote wakiwa wamejipanga kutazama yule mtu asiye na kichwa akinenepa. Tone la kwanza lilitoka pale miguu inapokutana, la pili gotini, kisha yakawa hayahesabiki. Nilizungushia kila tundu duara kwa kalamu ya wino, nikakausha, nikampelekea fundi wa baiskeli. Alibandika viraka na gundi ile ile ya tyubu. Kwa mpira halisi inashika vizuri. Kwa plastiki utarudi kwake baada ya wiki.

Nyayo ndizo zilizonifundisha kwa maumivu. Kuna nyayo za kitambaa kizito cha manyoya yaliyoshindiliwa, ambazo hushika mawe yenye utelezi wa ukoga kama gundi. Lakini hukauka polepole na hubeba viumbe vya mto mmoja hadi mwingine, na New Zealand iliwapiga marufuku wavuvi kuzitumia mwaka 2008 kwa ajili ya mwani uliokuwa ukienea mitoni. Kasoro inayotuhusu sisi zaidi ni udongo mwekundu. Juu ya tope nyayo hizo zinageuka sabuni. Chukua nyayo za mpira zenye njumu za chuma. Zinauma jiwe na zinauma ukingo.

Jambo moja nilikuwa nimeambiwa na kila mtu, hata na wasiowahi kuona suruali hizi: ikijaa maji itakuvuta chini kama jiwe la kusagia. Si kweli. Maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuzamisha. Mvuvi mashuhuri wa Marekani, Lee Wulff, aliruka kutoka darajani hadi mto Battenkill miaka ya 1940 akiwa amevaa suruali hiyo, akaibuka na kuogelea. Kinachoua ni hofu, na mkondo unaoshika suruali iliyojaa kama tanga. Na ukijaribu kutoka, hapo ndipo unabeba ndoo kadhaa za maji kila mguu. Dawa ni mkanda. Ufunge juu ya kiuno, ukaze, kila siku, hata kwenye maji ya magotini. Unazuia maji yasiingie kwa wingi na unabakiza hewa miguuni. Muuzaji wangu hakunipa mkanda. Nilitumia wa suruali ya ofisini.

Mjomba aliposikia habari za Wulff akacheka sana, kisha akauliza kama huyo mtu alikuwa na fimbo.

Kwa fimbo, yeye ni mwalimu. Mwanzi wake unamfika begani. Anauweka upande mto unakotoka, anauegemea, na mkondo wenyewe unaukandamiza chini. Halafu anasogeza mguu mmoja, anaupapasa chini mpaka upate mahali, ndipo wa pili unafuata bila kuupita wa kwanza. Hapishanishi miguu. Daima viungo viwili vimeshika chini kati ya vitatu. Mwili anauelekeza ubavu kwa maji ili yapate sehemu ndogo ya kusukuma, na njia yake inateremka kidogo kufuata mto, haishindani nao. Akitaka kurudi, hageuki kwa kuupa mkondo mgongo. Anarudi kinyumenyume au anageuka akiutazama.

Kabla hajaingia, hurusha kijiti majini na kutembea nacho ukingoni. Kijiti kikimshinda mwendo, siku hiyo havuki. Hesabu yake ni sahihi kuliko anavyojua: maji yakiongeza kasi maradufu, nguvu yake ya kukusukuma huongezeka mara nne. Mimi nimejiwekea kikomo cha mapaja, na mara nyingi naishia magotini, maana fwani huchezea pembeni kuliko katikati.

Ukianguka, lala chali, miguu mbele kuelekea mto unakokwenda, usijaribu kusimama mpaka makalio yaguse changarawe. Anayesimama mapema hunasa mguu kati ya mawe, na mkondo humlaza kifudifudi.

Saa nane hivi mjomba aliacha kuzungumza. Alikuwa akitazama jiwe moja jeusi ambalo asubuhi lilikuwa na sehemu kavu ya upana wa sahani. Sasa ilibaki kama kisahani cha chai, na maji yalikuwa yameanza kubeba majani makavu. Kwetu jua lilikuwa linawaka. Juu ya milima ya Nandi wingu lilikuwa limesimama, jeusi tii. Februari si mwezi wa mvua, lakini Kakamega hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka na mawingu yake hayana kalenda.

"Toka," akasema.

Nilitaka kurusha mara moja tu zaidi. Kuna samaki alikuwa amegusa manyoya mara mbili, nina hakika. Lakini sauti yake haikuwa ya mzaha, nikavuta kamba, nikavuka kama alivyonionyesha, mguu baada ya mguu, fimbo upande mto unakotoka, ubavu kwa maji. Sikuteleza hata mara moja. Nilipopanda ukingo, juu ya udongo mwekundu, na zile nyayo zangu za manyoya, nikaruka chali mbele ya mama wawili waliokuja kuchota maji.

Mjomba alininyooshea mwanzi. Nilipogeuka kutazama mto, lile jiwe jeusi halikuwapo tena.