Gari Hupataje Mwenyewe?

Miaka kadhaa iliyopita nilimwagiza fundi mmoja wa Keko anitengenezee kabati la mninga la milango mitatu. Nikamwachia nusu ya fedha. Siku ya miadi nikafika na mwenye mkokoteni, nikakuta maranda tu. Kabati langu lilikuwa limeondoka asubuhi na mteja mwingine aliyekuja na fedha zote mkononi. "Usijali mzee, lako linafuata," fundi akaniambia. Lilifuata baada ya wiki tatu.

Nimelikumbuka kabati hilo kwa sababu ya swali la msikilizaji mmoja: kiwanda kinachotoa mamia ya magari kwa siku kinajuaje lipi ni la nani? Je, aliyeagiza gari jeupe la gia otomatiki huandikiwa bati lake tangu siku ya kwanza?

Mara nyingi sivyo, na hapo ndipo penye utamu.

Henry Ford alipoanzisha mstari wa kuunganishia magari huko Highland Park, Michigan, mwaka 1913, shida hii hakuwa nayo. Magari yake yalifanana, na kuanzia 1914 hadi 1925 Model T ilitoka kwa rangi moja tu, nyeusi. Kiwanda kiliunda, wakala akatafuta mnunuzi. Biashara ilipodorora Marekani mwishoni mwa 1920, Ford aliwapelekea mawakala magari wasiyoyaomba na kutaka fedha yake, nao wakakimbilia benki kukopa. Mwaka 1924 General Motors nayo ilijikuta na magari yaliyolundikana kwenye nyua za mawakala. Mkuu wake, Alfred Sloan, alikwenda kuyaona kwa macho yake, kisha mawakala wakatakiwa kuleta taarifa za mauzo kila siku 10. Hapo kiwanda kilianza kumsikia mnunuzi, ingawa kwa mbali.

Wajapani wakalivalia njuga jambo hilo. Utaratibu uliowapa sifa Toyota ulianza na makisio ya mwezi, ukafuata na oda za siku 10, kisha marekebisho ya kila siku. Magari hayaundwi kwa mafungu, meupe yote leo na mekundu kesho. Huchanganywa, na kila bodi hupita na karatasi iliyobandikwa mbele inayomweleza mfanyakazi afunge kitu gani.

Lakini bodi iliyokwisha kuchomelewa bado ni bati. Katika viwanda vingi, hasa vya Wajerumani, bodi zikitoka kwenye rangi husubiri ghalani, na oda za wateja nazo zina foleni yake ndani ya kompyuta. Foleni hiyo Wajerumani huiita mkufu wa lulu. Oda ikifika zamu yake, hutafutiwa bodi ya aina na rangi inayotakiwa. Bodi ikionekana ina doa hurudishwa kusuguliwa, na oda haiisubiri. Hupewa bodi nyingine inayofanana nayo. Foleni ya oda ndiyo isiyoguswa, kwa sababu wenye viwanda vya viti wamekwisha kupewa mpangilio, na viti vitaletwa saa chache baadaye vikiwa vimefuatana vivyo hivyo. Ukichomoa oda moja bila kuwaambia, viti vya ngozi vya daktari vitafungwa kwenye gari la mwalimu.

Kwa maneno mengine, unachonunua ni zamu. Bati lolote linalofaa litatimiza. Fundi wangu alifanya kinyume: mbao alikuwa nazo tele, akauza zamu yangu.

Msidhani basi kwamba huko kila mtu hupata alichotaka. Marekani wanunuzi wengi hawaagizi kabisa. Huchukua lililopo uani. Hata anayeagiza, mara nyingi wakala hutazama kwanza magari aliyokwisha kugawiwa na kiwanda ambayo bado hayajaundwa au yamo njiani. Akiona linalokaribia, hubadili rangi au viti kama muda haujapita, na akichelewa humbembeleza mteja alikubali hivyo hivyo. Mimi naona hapo mteja ndiye anayerekebishwa ili alingane na gari. Sababu si ubaya wa mtu. Kiwanda hakipendi kusimama hata saa moja, maana mishahara na riba havisimami.

Na zamu nayo huweza kukwama. Mwaka 2021, vipande vya kielektroniki vilipoadimika duniani, Ford na General Motors waliegesha viwanjani maelfu ya magari yaliyokosa kifaa kimoja au viwili, mengine yakiwa na wenyewe wanaosubiri.

Sisi wa Dar es Salaam wengi wetu hatujawahi kusimama kwenye foleni hiyo. Tunanunua yaliyokwisha kutumika. Hata hivyo fungua boneti ya Toyota yako au tazama kwenye nguzo ya mlango. Utakuta kibati chenye namba ya chesisi, ya rangi na ya vitambaa vya ndani. Hayo ni mabaki ya oda ya mtu wa kwanza. Rangi ile nyeupe unayoilaani kila masika kwa ajili ya tope, aliichagua mtu wa Nagoya au Osaka, au wakala wake alimbembeleza aichukue.