Je, Wajua? Kinyama Kimoja cha Utumbo, Majibu Mawili

Je, wajua kwamba kinyama kilekile kilichokatwa kwenye utumbo mpana kwa uchunguzi, kikitazamwa na wanapatholojia wawili, kinaweza kurudi na alama mbili? Mwaka 2000 Karel Geboes wa Leuven, Ubelgiji, na wenzake walichapisha ngazi za kupima kuvimba kwa utumbo kwenye ugonjwa wa kolitisi ya vidonda, kuanzia 0 hadi 5. Ngazi ya 5, yaani kidonda au mchubuko, haileti ubishi mwingi. Mvutano uko ngazi za chini: chembe nyeupe za damu zimezidi au hazijazidi, ilhali hata utumbo usio na ugonjwa huwa nazo? Wapo wanaojipinga wenyewe: wakirudia kioo kilekile baada ya wiki chache, hutoa alama nyingine. Makubaliano hupimwa kwa kapa, kipimo cha Jacob Cohen cha mwaka 1960. 1 ni kuafikiana kabisa, 0 ni kuafikiana kwa bahati tu.

Kinyama chenyewe nacho huweza kuharibika njiani. Kwa mfano Kivu, mashariki mwa Kongo: kinyama cha Walikale kikienda Goma kwa barabara ya Masisi na Sake, safari ni ndefu. Kisipotiwa formalini ya kukihifadhi mapema, chembe hujimeng'enya, utando wa ndani hubanduka, na kuna atakayeandika kuwa ni mchubuko.

Lakini kwa Masisi na Walikale, mimi naona alama ni swali la pili. La kwanza ni nani aliyeuumiza utumbo. Kivu, mtu akihara damu, anayeshukiwa upesi ni kimelea amibe. Naye akishaingia kwenye ukuta wa utumbo hufanana mno na makrofaji, chembe ya ulinzi ya mwili wenyewe. Humfichua chembe nyekundu za damu alizomeza, na rangi ya maabara iitwayo PAS inayomkolea. Akipitwa, mgonjwa akaandikiwa steroidi kana kwamba ana kolitisi ya vidonda, utumbo unaweza kutoboka.

Kwenye choo kuna mtego mwingine: Entamoeba dispar, asiyedhuru, kwa hadubini ni pacha wa Entamoeba histolytica, yule amibe anayedhuru. Diamond na Clark waliwatenganisha rasmi mwaka 1993 tu.

Tena kuhara damu kuna wenyewe wengine. Julai 1994, kwenye kambi za wakimbizi wa Rwanda karibu na Goma, kipindupindu kilifuatwa na Shigella dysenteriae aina ya 1. Karibu watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja wa mwanzo. Shigella ni bakteria, hutambuliwa kwa kuoteshwa maabara, na Flagyl, dawa ya amibe, haimgusi.