Mwanamichezo wa Shule na Kipimo cha Mkojo: Je, Kanuni za Pombe na Dawa za Kulevya Hutenda Haki?

Katika baadhi ya shule za sekondari nchini Marekani, mwanafunzi anayetaka kuichezea timu ya shule hutakiwa kwanza, pamoja na mzazi wake, kutia saini ridhaa ya kupimwa mkojo. Huchaguliwa kwa kura, hata kama hakuna anayemshuku kwa lolote. Mwenzake wa dawati moja asiyecheza hapimwi. Akikutwa na dawa za kulevya, mwanamichezo huweza kupoteza msimu mzima wa mashindano, na pengine nafasi ya ufadhili wa masomo ya juu.

Makala haya yanaeleza kanuni hizo zilivyoanza, kipimo kinachotumika kinaweza kuona nini, na utafiti umeonyesha nini. Uadilifu wa kanuni ya aina hii haupimwi kwa ukali wake. Hupimwa kwa mambo matatu: inamlenga nani, chombo chake kinaona nini, na inamfanyia nini kijana aliyekutwa na tatizo.

Chanzo cha kanuni hizi

Mwaka 1989, shule za Vernonia, mji mdogo wa wakata magogo katika jimbo la Oregon, zilianza kuwapima wanamichezo wote mwanzoni mwa msimu, kisha asilimia 10 yao kila wiki kwa kura. Vipimo vilitafuta amfetamini, kokeini na bangi. Mwaka 1991 mwanafunzi wa darasa la saba alizuiwa kucheza kwa sababu yeye na wazazi wake walikataa kutia saini. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo mwaka 1995 ikaamua, majaji 6 dhidi ya 3, kwamba kanuni hiyo haikuvunja katiba.

Hoja za majaji walio wengi zilikuwa tatu. Kwanza, mwanamichezo amejiunga na timu kwa hiari, na amezoea kubadili nguo na kuoga mbele ya wenzake, hivyo faragha anayoitarajia ni ndogo. Pili, kijana aliyelewa anaweza kujiumiza au kumuumiza mwenzake uwanjani. Tatu, katika mji ule wanamichezo walionekana kuwa vinara wa matumizi ya dawa za kulevya. Jaji Sandra Day O'Connor alipinga, akisema kwamba kuwapekua watoto wengi wasioshukiwa, ili kuwapata wachache, ni kinyume cha utaratibu wa haki.

Mwaka 2002, katika shauri lililotoka Tecumseh, Oklahoma, mahakama hiyo hiyo iliruhusu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, upimaji wa wanafunzi wote wa shughuli za ushindani nje ya darasa, wakiwamo waimbaji wa kwaya. Hapo hoja ya kuumia uwanjani ilipoteza uzito, kwa kuwa mwimbaji hagongani na mtu. Jaji Ruth Bader Ginsburg alibainisha kwamba wanafunzi wanaojiunga na shughuli hizo ndio wenye uwezekano mdogo zaidi wa kutumia dawa za kulevya, na kwamba kanuni hiyo ingeweza kuwafukuzia mbali wale wanaozihitaji zaidi shughuli hizo. Si majimbo yote yaliyofuata mkondo huo: mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington iliamua kwamba kuwapima wanamichezo bila sababu ya kuwashuku kunavunja katiba ya jimbo lao.

Kipimo kinaona nini, na hakioni nini

Hapa sayansi ya maabara inaingia katika swali la haki. Mabaki ya bangi huhifadhiwa katika mafuta ya mwili na kutoka polepole. Aliyevuta mara moja anaweza kukutwa nayo kwenye mkojo kwa takribani siku 3. Aliyezoea kuvuta kila siku, hata kwa mwezi mmoja. Pombe ni kinyume chake. Ini huiondoa haraka, na kipimo cha kawaida hakiioni tena baada ya saa chache. Vipo vipimo vya mabaki ya pombe vinavyoweza kufika siku 2 au 3, lakini ni ghali na havimo katika vipimo vya kawaida vya shule.

Matokeo yake ni haya: kijana aliyezoea kuvuta bangi kila siku na kuacha wiki tatu kabla ya mechi, ambaye siku ya mchezo hana ulevi wowote, anaweza kunaswa. Aliyelewa chakari usiku wa Jumamosi anapimwa Jumatatu na kutoka salama. Kwa hiyo, chanya ya bangi haimaanishi kwamba mchezaji alikuwa amelewa uwanjani. Inamaanisha tu kwamba aliwahi kuitumia siku zilizopita.

Jambo hili ni zito zaidi tukikumbuka kwamba tafiti nyingi zilizowafuatilia vijana kwa miaka zimeonyesha mwelekeo huu: ushiriki katika michezo huambatana na unywaji mkubwa zaidi wa pombe, ilhali matumizi ya dawa nyingine haramu huwa madogo. Chombo kinachotumika, basi, ni kipofu kwa hatari iliyo kubwa zaidi kwa kundi linalopimwa.

Kanuni zinazohusu pombe hutegemea zaidi kuonwa na watu. Katika jimbo la Massachusetts, mwanamichezo anayethibitika kunywa au kumiliki pombe kwa kiasi chochote hukosa asilimia 25 ya mashindano kwa kosa la kwanza, na asilimia 60 kwa la pili. Adhabu inajulikana kwa wote, nalo ni jambo jema; ila anayeadhibiwa si lazima awe ndiye mnywaji mkubwa, bali ni yule aliyeonwa.

Chanya ya awali si hukumu

Kipimo cha haraka cha mkojo ni cha kuchuja tu. Baadhi ya dawa za mafua zenye pseudoefedrini zinaweza kuleta chanya isiyo ya kweli ya amfetamini. Dawa ya kikohozi yenye kodeini inaweza kuleta chanya ya afyuni kwa mgonjwa aliyeandikiwa na daktari.

Tuchukue mfano wa hesabu. Shule ina wanamichezo 1,000, na 20 kati yao wanatumia dawa fulani. Kipimo kinawagundua watumiaji 90 katika kila 100, na kinakosea kwa watu 5 katika kila 100 wasiotumia. Kitawapata watumiaji 18, na kitawaangukia wasiotumia 49. Katika chanya 67, walio watumiaji kweli ni takribani mmoja kati ya wanne. Ndiyo maana kila chanya lazima ithibitishwe katika maabara kwa njia ya kromatografia ya gesi na spektrometria ya masi, na daktari apitie dawa anazotumia mwanafunzi, kabla jina lake halijatajwa kwa yeyote.

Je, upimaji huzuia matumizi?

Uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2003 Marekani haukuona tofauti ya matumizi kati ya shule zilizopima na zisizopima. Utafiti uliofanywa kwa wanamichezo wa Oregon na kuchapishwa mwaka 2007 haukuona tofauti katika matumizi ya mwezi uliotangulia. Matumizi ya mwaka mzima yalipungua katika baadhi ya vipindi, lakini baadhi ya viashiria vya hatari viliongezeka kwa waliopimwa. Utafiti wa serikali wa mwaka 2010, katika shule 36, ulikuta asilimia 16 ya wanafunzi waliokuwa chini ya kanuni ya upimaji wakikiri kutumia katika siku 30 zilizotangulia, dhidi ya asilimia 22 katika shule zisizopima. Hata hivyo, nia ya kutumia siku za usoni haikubadilika, wala wanafunzi wengine wa shule hizo hawakunufaika. Mwaka 2015 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilieleza kwamba hakiungi mkono kuenezwa kwa upimaji huo mashuleni, kwa kuwa ushahidi ni mdogo na madhara yanawezekana.

Adhabu isiyoondoa kinga

Kwa kijana aliyeanza kutumia, timu ni saa mbili za kila jioni chini ya jicho la mtu mzima, ni marafiki, ni sababu ya kuamka mapema. Kumwondoa bila kumpa kitu kingine ni kumrudisha mtaani akiwa na muda mwingi na aibu juu yake. Hata kanuni ya Vernonia ilitambua hili: aliyethibitika mara ya kwanza aliruhusiwa kuchagua kati ya programu ya msaada ya wiki 6 na kusimamishwa msimu huo na unaofuata, na matokeo hayakupelekwa polisi. Massachusetts nako, anayekamilisha matibabu baada ya kosa la pili hupunguziwa adhabu hadi asilimia 40. Mlango wa kurudi ndio unaotenganisha kanuni ya afya na kanuni ya kisasi.

Yanayomhusu mtoa huduma na mzazi

Hapa kwetu pia, mwalimu au mzazi anaweza kumleta mchezaji kituoni akiomba apimwe. Mambo yafuatayo yazingatiwe:

1. Zungumza kwanza na kijana peke yake, kwa faragha, kisha umweleze kipimo na upate ridhaa. Kumpima kwa hila huua imani yake kwa huduma za afya.

2. Tumia maswali yaliyopangwa. Dodoso la CRAFFT, kwa umri wa miaka 12 hadi 21, lina maswali 6 ya msingi. Majibu mawili au zaidi ya ndiyo yanadai tathmini ya kina. Tofauti na kipimo cha mkojo, dodoso hili huuliza pia kuhusu pombe.

3. Usimkabidhi kocha matokeo ya kipimo cha awali. Shule inahitaji kujua kama mwanafunzi yuko salama kucheza. Haihitaji orodha ya dawa zake za kifafa au za akili.

4. Wafundisheni wachezaji kwamba mwenzao aliyelewa asiyeamka, anayepumua chini ya mara 8 kwa dakika, anayetapika bila fahamu au mwenye ngozi baridi iliyobadilika rangi yuko hatarini kufa. Alazwe ubavu, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali mara moja na apimwe sukari. Kanuni ya shule itamke wazi kwamba anayeita msaada haadhibiwi kwa kuuita, maana hofu ya kufukuzwa timuni isiwe sababu ya kijana kufa bwenini huku wenzake wakinyamaza.

Shule ina haki, na wajibu, wa kukataza pombe na dawa za kulevya. Ila katazo liwe moja kwa mchezaji na asiyecheza, ushahidi uthibitishwe, siri itunzwe, na matibabu yatangulie adhabu.