Mvua ya Mwezi Huandikwa Kila Siku

Usiku mvua imepiga bati la nyumba yako huko Chamazi hata watoto wameamka. Asubuhi wasikia kwamba uwanja wa ndege wamepata manyunyu tu. Je, wamedanganya? La! Mvua huweza kunyesha mtaa huu ikauruka ule. Ndiyo sababu vituo vya kupimia vyatakiwa viwe vingi, nchi nzima.

Kazi yenyewe ni nyepesi, ila yataka uaminifu. Kila siku saa tatu asubuhi mpimaji humimina maji ya kipimamvua katika chombo chenye alama, akaandika milimita. Pasipo mvua huandika sifuri. Kuacha pengo si sawa na sifuri, na kubuni tarakimu ni vibaya zaidi. Mwisho wa mwezi hujumlishwa, na jumla hulinganishwa na wastani wa miaka 30.

Yafaa ujue: milimita moja ni lita moja katika kila mita ya mraba. Basi milimita 100 juu ya bati la mita za mraba 50 ni lita 5,000. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Mhandisi apimaye upana wa mfereji wako hutegemea tarakimu hizo.

Kwa hiyo, ukiona kipimamvua shuleni, usiwaache watoto wakichezee, wala usipande mti karibu nacho. Mvua isiyopimwa leo, kesho hakuna awezaye kuipima.